Gari Huoga Kabla ya Kwenda kwa Mkwe

Mama mkwe wangu hajawahi kunipa mkono. Simlaumu, maana hata mimi sijawahi kumnyooshea wangu. Kwao Kiyeyi, upande wa Tororo, kama ilivyo kwetu Wasamia, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Hamli meza moja, hamketi mkitazamana, na mkikutana kwenye kijia chembamba mmoja wenu anaacha njia na kusimama shambani mpaka mwenzake apite. Nimesimama kwenye mihogo yake mara nyingi. Siku moja tulisimama shambani wote wawili, yeye upande huu na mimi upande ule, kila mmoja akimngoja mwenziwe apite kwanza, na njia ikabaki tupu katikati yetu mpaka mbuzi wa jirani akaona ni yake.

Heshima si utumwa, wahenga wamesema, na mimi nisingelalamika. Tatizo ni kwamba mimi ni fundi wa magari na yeye ana gari.

Mimi nalala Busia ya Kenya na gereji yangu iko Busia ya Uganda, kwenye barabara ya kwenda Majanji. Mama mkwe ni mchuuzi wa samaki. Huondoka Kiyeyi alfajiri, hufika Majanji, ufuoni mwa ziwa, mitumbwi inaposhusha, hununua sangara na ngege, huwapanga kwenye makasha na barafu, kisha hurudi mbio kuwahi soko la Tororo na vibanda vya chakula vya Malaba, ambako madereva wa malori hungoja foleni wakiwa na njaa ya kudumu. Gari lake ni stesheni wagoni la zamani, jeupe zamani, ambalo kama lingekuwa mtu lingekuwa limeshaoza wajukuu. Mama hamtaki fundi mwingine. Athieno, mke wangu, alimwuliza sababu, naye akasema, "Fundi ingine ataiba spea. Mkwe akiiba, ameiba ya watoto wake mwenyewe."

Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupata kutoka kwake, na niliipata kupitia kwa mtu mwingine. Hakuna neno lake lililonifikia bila kupitia mahali. Akija gereji na Athieno yupo, basi Athieno ndiye njia. "Mwambia fundi gari inapiga kelele kwa mguu." Mimi nimesimama hapo hapo, nimesikia kila kitu, lakini nangoja Athieno aseme, "Mama anasema gari linapiga kelele mguuni," ndipo nijibu, "Mwambie Mama ni beringi." Naye Mama, aliyekwisha kusikia, hungoja zamu yake. Athieno akiwa hayupo, anazungumza na gari lenyewe. Husimama ubavuni, hugonga bodi kwa vidole na kusema, "Wewe gari, mwambia fundi leo umeamka na kikohozi." Nami huinama kwenye boneti na kujibu, "Gari, mwambie Mama nitakupa plagi mpya." Wateja wangu wa Kenya walipoona mambo hayo kwa mara ya kwanza walidhani gereji ina wazimu.

Jambo lingine lazima nilieleze mapema, kwa sababu lilitugharimu sana. Kiti cha dereva cha gari lile ni kiti cha mama mkwe wangu. Mkwe hakalii kiti cha mama mkwe, si sebuleni, si jikoni, si garini. Kwa hiyo miaka yote nimelitengeneza gari lile kutoka chini na kutoka mbele. Nalijua tumbo lake kuliko ninavyolijua tumbo langu. Likihitaji kusogezwa analisogeza mwenyewe, au Athieno. Lakini kukaa pale anapokaa yeye, nikashika usukani na kutazama barabara kupitia kioo kile, sikuwahi.

Ni mwanamke mfupi, mpana, anayetembea kana kwamba ardhi ina deni naye. Mikono yake ina makovu madogo ya mapezi ya sangara. Kanisani anaimba sauti ya pili na ni mama wa kuheshimika. Barabarani humtukana dereva wa lori kwa Kidhopadhola, lugha yao, cha aina ambayo Athieno, mtu mzima mwenye watoto, hukataa kunitafsiria. Kwenye barafu ni mchoyo, humkagua muuza barafu kama askari wa mpaka. Lakini palipo na msiba, hata wa mtu asiyemjua vizuri, samaki mkubwa kuliko wote hushuka hapo, naye huondoka kabla hajashukuriwa. Nilimsikia akimwambia Athieno kwamba shukrani humharibia samaki ladha.

Na mila anazozishika kwa mikono miwili anazivunja kwa mguu. Kijijini kwao alikuwa wa kwanza kuendesha gari kati ya wanawake wa rika lake. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa hai bado, na wazee walimfuata wakalalamika kwamba si picha nzuri, mwanamume ameketi upande wa abiria huku mkewe ameshika usukani. Mama mkwe ndiye aliyewajibu. "Huyu amebeba mimi kwa baiskeli tangu harusi. Sasa amechoka. Nabeba yeye." Mmoja wa wazee akaomba lifti ya kwenda Tororo.

Maji ndani ya gari ni kesi yetu ya zamani. Mara ya kwanza, zulia la upande wa abiria lililowa chepechepe, na mimi nikasema mbele ya Athieno kwamba bila shaka ni barafu ya samaki. Mama mkwe alikasirika. "Mwambia fundi makasha yangu hayana tundu. Mimi si mtu wa kumwaga maji ovyo." Ikabidi tutafute yanakotoka. Kutafuta maji yanayoingia garini kunahitaji watu wawili, mmoja nje anamwaga maji polepole, sehemu moja baada ya nyingine, na mmoja ndani na tochi anaangalia yanapotokea. Mimi nilikuwa nje na jagi. Athieno alikuwa ndani, kichwa chini ya dashibodi na miguu juu ya kiti. Mama mkwe alisimama chini ya bati la jirani akitoa amri kwa bintiye, naye bintiye akinipitishia kwa sauti iliyobanwa. Nilimwaga juu ya mlango, kavu. Juu ya paa, kavu. Nilipomwaga pale chini ya waipa, Athieno alipiga ukelele kwamba ameogeshwa.

Yalikuwa majani. Kila Jumapili Mama huegesha chini ya mti mkubwa wa kanisani, na majani yake membamba yalikuwa yameziba mfereji unaopitisha maji ya mvua chini ya kioo cha mbele, hivyo maji yakakosa njia yakaingia kwa abiria. Nilizoa ujiuji mweusi wa majani mpaka ndoo ikakaribia kujaa. Nikamwambia Athieno amwambie. Mama mkwe alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi ni maji ya kanisa. Hapana mbaya." Na mpaka leo anaegesha pale pale, ila huyazoa majani mwenyewe kila Jumatatu.

Baada ya hapo alianza kuniheshimu zaidi, na heshima hiyo ndiyo iliyotufunga macho.

Maana alikuwa na desturi moja ambayo mimi niliifurahia bila kuielewa. Gari la mama mkwe lilikuwa safi kupita magari yote yaliyowahi kuingia gereji yangu. Nina wateja wanaoniletea magari yenye kuku ndani. Lake liliingia likinukia sabuni, mazulia makavu, vioo vinang'aa, maji ya rejeta yamejaa mpaka juu. Niliwahi kuwaambia wenzangu, tazameni, gari linabeba samaki kila siku na nzi hana pa kutua. Kila nilipouliza kama anaongeza maji njiani, jibu lilikuwa moja. "Mwambia fundi gari inakunywa kama kawaida."

Mwaka jana mambo yakaanza kuharibika. Athieno alirudi kutoka kwao akiwa na uso mzito. Alipanda gari na mamake kwenda Tororo, akamwona anaendesha polepole kama anayesindikiza maiti, na jua lilipowajia usoni Mama akatoa kichwa dirishani. Alimwuliza kulikoni. Mama akasema ni vumbi. Baadaye, walipokuwa peke yao wakiparua samaki, akamwambia ukweli. Alfajiri akiwa njiani huona taa za magari yanayokuja zimezungukwa na duara, kama taa imevaa kilemba. Asubuhi jua likipiga, barabara yote hugeuka moshi.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari ya kwenda kwa daktari wa macho. Kwake ilikuwa hukumu. Mamake mzazi alikufa kipofu, na yeye ndiye aliyemshika mkono miaka ya mwisho, akampeleka chooni, akampeleka kanisani. Na mamake alianza hivyo hivyo, taa ya chemli ikavaa duara, kisha duara likala taa yenyewe. Juu ya hayo, mama mkwe alikuwa hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, jambo ambalo humpata kila mtu wa umri wake, lakini yeye aliyajumlisha yote akapata jibu moja. Athieno alimsihi waende hospitali. "Hapana. Wakiniambia, nitakuwa najua," alisema.

Halafu akagonga mkokoteni Malaba. Ulikuwa mkokoteni wa mananasi, umesimama kandokando ya foleni ya malori, na mwenyewe alikuwa ameenda kunywa chai. Hakuumia mtu. Mananasi yalisambaa hadi chini ya malori na madereva wakala bure. Lakini kaka yake Athieno, Owere, anafanya kazi ya kupitisha mizigo ya forodha pale pale Malaba, na habari ilimfikia kabla mananasi hayajaacha kubingirika. Akaitisha kikao cha familia Kiyeyi.

Owere si mtu mbaya. Anampenda mamake kwa namna ya wanaume wenye shughuli nyingi, yaani kwa kuamua haraka. Alisema gari liuzwe kabla halijaua mtu. Alikwisha kupata mnunuzi kutoka Mbale, angekuja Jumamosi. Kisha akanigeukia mimi, nimekaa karibu na mlango nikiangalia nje kama inavyonipasa.

"Shemeji, wewe ni fundi. Hilo gari lina shida yoyote?"

Nilikuwa nimelikagua wiki hiyo hiyo. Lilikuwa kavu, limejaa maji, vioo vinang'aa. Nililiacha likinguruma uwanjani muda mrefu, hakuna tone chini, hakuna mvuke. Nikasema nilichokijua. "Gari ni zima."

"Basi ni macho," Owere akasema.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa pili wa chumba. Nilingoja atukane. Wote tulingoja, nadhani Owere alikuwa amejiandaa. Mama alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua, akaikunja tena, na mimi niliogopa kuliko ningeogopa matusi. Bila gari hakuna Majanji. Bila Majanji angebaki uani Kiyeyi akingoja watoto wamtumie chochote, mtu ambaye maisha yake yote ni yeye aliyetuma. Na gizani, maana alikwisha kuamini kwamba giza linakuja. Njiani kurudi Busia Athieno alilia.

Alhamisi ya wiki hiyo niliitwa Majanji kutazama pikapu iliyozimika karibu na ufuo. Nilimaliza mapema. Nikatoka hadi barabarani na sanduku langu la spana, nikasimama kungoja bodaboda ya kunirudisha Busia. Jua lilikuwa bado chini. Nikaliona gari la mama mkwe linakuja kutoka ufuoni, polepole, na kichwa chake kiko nje ya dirisha kama dereva wa treni.

Alipiga honi akiwa bado mbali. Alikuwa amenitambua. Nilinyoosha mkono kuitikia, kisha mkono ukabaki hewani, kwa sababu nilijiuliza: mtu anayekaribia kupofuka amenijuaje kutoka kule?

Gari likasimama mbali nami kidogo. Nikaona mashaka yake. Kumwacha mkwe barabarani na sanduku lake ni aibu. Kumpakia ni aibu nyingine. Akashuka, akasimama upande wa pili wa gari, akatazama ziwa.

"Athieno hayupo," alisema, akiliambia ziwa.

"Hayupo, Mama," nikaliambia gari.

"Nilitaka kusema fundi apande nyuma na samaki. Lakini gari..." Nikapiga hatua kuelekea mlango wa abiria. Akageuka mzima mzima. "Wewe mkwe, hapana fungua! Gari haijaoga!"

Nikasimama. "Haijaoga?"

"Mimi naosha kabla ya kuleta kwako. Kila mara. Nakausha zulia kwa jua, napangusa kioo, naongeza maji. Unataka mimi nilete gari chafu kwa mkwe? Na njaa juu yake?"

Naomba msomaji anielewe nilivyosikia maneno hayo. Miaka yote nilikuwa nikimpima mgonjwa aliyeogeshwa, akapakwa mafuta, akalishwa na kuambiwa atabasamu kwanza. Nilikosa adabu siku hiyo. Nilifungua mlango.

Harufu ya kwanza ilikuwa samaki, na ya pili samaki. Lakini chini ya samaki kulikuwa na harufu nyingine, tamu, kama sharubati iliyoachwa juani. Nilibonyeza zulia la abiria kwa vidole, likatoa maji, na maji yale yaliteleza. Maji ya mvua hayatelezi, wala barafu. Nikanyoosha mkono juu ya dashibodi nikaburuta kidole kwenye kioo cha mbele, upande wa ndani. Kidole kiliacha mstari mweupe safi, na pembeni ya mstari huo kioo chote kilikuwa na ukungu wa mafuta mafuta. Nikafungua boneti. Chupa ya maji ilikuwa tupu, na chini ya gari hakuna tone hata moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Maji yote yalikuwa yakiishia ndani.

"Mama," nikasema. Sikuliambia gari wala ziwa. "Tazama kule majini. Unaona nini?"

Alishtuka kuona nazungumza naye. Lakini akatazama. "Naona mitumbwi."

"Mingapi ina watu?"

"Hiyo ya bluu iko na watu. Mmoja anakunja wavu. Na ule mwenye shati nyekundu..." akakaza macho, "ule hana adabu, anakojoa ndani ya maji ya watu."

Mimi ningesema ni shati jekundu tu. Hilo la pili sikuwa nimeliona. "Sasa ingia kwenye kiti chako. Tazama mtumbwi huo huo kupitia kioo."

Akaingia. Akashika usukani.

"Naona moshi," alisema.

"Toa kichwa nje."

Akatoa kichwa. Akakirudisha ndani. Akakitoa tena. Kisha akakirudisha polepole sana, akainua kidole chake chenye makovu, akachora mstari kwenye kioo kando ya mstari wangu, akatazama kupitia pale.

"Kumbe si macho," alisema.

"Si macho, Mama. Ni gari. Macho yako yanaona kuliko yangu."

Alishuka akaketi kwenye nyasi na miguu imenyooka mbele, namna wanavyoketi wanawake msibani, akaficha uso kwenye leso. Mabega yalitikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye alikuwa hajachagua. Mimi nikaegemea bampa. Nilifurahi namna ambayo sijafurahi tangu mtoto wangu wa kwanza alie. Nilitaka kumshika bega. Nikashika taa ya gari.

Alipopata sauti alitaka kujua mchawi ni nani. Nikamweleza kwamba nyuma ya dashibodi kuna kirejeta kidogo, kinaitwa hita, maji moto ya injini hupita humo ili kuwapasha watu joto ndani ya gari. Kimetoboka tundu dogo. Gari likisimama uwanjani tundu halionekani, lakini safari ndefu maji yakichemka hasa, mvuke wa kulanti, ile dawa tamu ninayoichanganya na maji ya rejeta, hutoka na kupanda kwenye kioo, nayo feni anayoifungua kwa sababu ya vumbi huusukuma vizuri zaidi. Ukungu huo ukipigwa na jua hugeuka moshi, ukipigwa na taa hutengeneza duara. Naye alikuwa akiufuta kila mara kwa kitambaa cha samaki.

"Kupasha watu joto," alirudia.

"Ndiyo, Mama."

"Tororo?"

Hakuna mtu huku aliyewahi kuwasha hita, ndiyo maana hakuna fundi anayeikumbuka. Nimefanya kazi hii tangu ujana na siku hiyo ndiyo nilikumbuka kwamba magari yetu yanazo.

Nilitaka kuhakikisha kwa kufungua feni na kupiga gesi, yaani kukanyaga mafuta, injini ikiwa bado moto, na kwa hilo lazima mtu akae kwenye usukani na mwingine asogeze pua kwenye matundu ya hewa. Pua yake ilikwisha kufa kwa samaki, na mkwe na mama mkwe hawaketi mbele pamoja, kwa hiyo kazi zote mbili zilikuwa zangu. Akaelewa kabla sijasema. Alisimama, akajipangusa nyasi, akageuza mgongo kulitazama ziwa.

"Kaa," alisema.

"Mama, ni kiti chako."

"Kaa, mkwe. Mimi siangalii. Na Mungu leo anaangalia samaki."

Nikakaa. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele hadi magoti yangu yakagusa usukani, na kilikuwa kimebonyea umbo lake. Nikapiga gesi. Mvuke ulitoka kwenye tundu chini ya kioo, mwembamba, mtamu, ukapanda taratibu mbele ya macho yangu mpaka ziwa likafutika. Hicho ndicho alichokuwa akikiona kila asubuhi, peke yake, akiamini ni yeye anayezimika.

Nilishuka haraka. Dawa ilikuwa ndogo hata inatia aibu: mipira miwili inayoingia kwenye hita niliichomoa, nikaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba na klipu mbili za sandukuni, na hita ikabaki nje ya mchezo. Ilibidi tungoje injini ipoe kwanza. Barafu iliyeyuka na maji yake yakaanza kudondoka nyuma, nami nikamwambia samaki wataharibika. Mwanamke ninayemjua angenifukuza hapo hapo. Alisema, "Wacha wangoje. Wao wamekufa, mimi niko hai." Kisha akachota maji ziwani, akaomba sabuni kwa mama muuza uji, akaosha kioo kwa ndani, akakisuuza na kukiosha tena, mpaka nikamwambia kitatoboka.

Nilipokuwa nakaza klipu ya mwisho simu yake ililia. Alikuwa Owere, nilisikia sauti yake. Akamjibu Kidhopadhola, nami Kidhopadhola changu ni cha kuombea chumvi, lakini nililisikia jina la Mbale, na nikasikia neno moja kati ya yale ambayo Athieno hanitafsirii. Akakata simu akiwa ametulia kabisa.

Nilipanda nyuma kati ya makasha, mgongo kwa mgongo naye kama adabu inavyotaka, nikitazama barabara inayobaki nyuma. Tulipokaribia mji mdogo wa Lumino nikamsikia anasoma. Alisoma kibao cha shule, jina lote na wito wake chini. Akasoma duka la dawa za ng'ombe. Akasoma namba ya bodaboda iliyotupita, na maneno yaliyoandikwa kwenye kinga tope lake. Kwanza alisoma chini kwa chini, halafu kwa sauti, halafu kwa sauti ya kanisani. Alisoma saluni, mashine ya kusaga, tangazo la mkutano wa injili uliokwisha kupita, onyo la kutokojoa ukutani, akacheka peke yake hapo, akaendelea. Barafu ilikuwa imenilowesha hadi kiunoni na sikutaka safari ile iishe.

Tulipoingia Busia magari yalikuwa mengi na vibao vingi zaidi, naye akasoma haraka ili asikose hata kimoja. Tulipita gereji yangu. Niliiona kupitia kioo cha nyuma, lango na rundo la matairi, ikibaki. Ningesema tu, Mama, simama, nashuka hapa. Lakini alikuwa bado anasoma.